Nani Ametia Sahihi? Kazi Ngumu ya Kutunza Funguo za Programu

Jumapili ya Machi 28, 2021, badiliko dogo liliingia kwenye ghala la msimbo wa PHP, lugha iliyokuwa nyuma ya zaidi ya robo tatu ya tovuti zote ambazo lugha ya seva zake inafahamika. Maelezo yake yalidai kwamba linasahihisha kosa la tahajia. Jina la aliyeliandika lilisomeka Rasmus Lerdorf, yule yule aliyeianzisha PHP katika miaka ya 1990.

Tahajia haikuhusika. Ndani ya mistari michache ulikuwa umefichwa mlango wa uani. Tovuti ambayo ingetumia PHP yenye badiliko hilo ingetekeleza amri za mtu baki, mradi tu ombi lake lije na kichwa kilichoandikwa "User-Agentt", kwa herufi t mbili mwishoni, na maudhui yake yaanze na neno fulani alilolijua yeye. Watu wanaopitia mabadiliko ya PHP waliligundua baada ya saa chache wakalitengua. Likarejea, mara hii kwa jina la Nikita Popov, mmoja wa waandishi wakuu wa lugha hiyo, likijifanya kurudisha kilichotenguliwa. Nalo likang'olewa. Hakuna toleo rasmi lililotoka likiwa na sumu hiyo. Lerdorf hakuandika hata herufi moja ya badiliko la kwanza, wala Popov ya la pili.

Uchunguzi uliofuata ulielekeza kidole kwenye kanzidata ya watumiaji, ambayo huenda ilivuja, na kwenye seva ya mradi iliyokubali kupokea mabadiliko kwa nenosiri peke yake. PHP ikahamishia ghala lake GitHub, huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi maghala ya msimbo, na kumtaka kila mwenye ruhusa ya kuandika atumie uthibitisho wa hatua mbili. Hiyo ilikuwa dawa ya nenosiri. Swali la jina lilibaki pale pale: inakuwaje jina la mtu liwekwe juu ya kazi ambayo hajaifanya, na mashine isilalamike?

Jina hujazwa na mwenyewe

Jibu limo ndani ya Git, chombo ambacho Linus Torvalds alikiandika Aprili 2005 ili kuratibu kazi ya Linux, mfumo endeshi aliouanzisha, na ambacho leo hutumiwa na karibu kila anayeandika programu, awe Nairobi, Kampala, Dar es Salaam au Helsinki. Git hutunza historia nzima ya programu, badiliko juu ya badiliko. Kila badiliko lina maelezo, tarehe, jina na anwani ya barua pepe ya mwandishi wake. Jina na anwani hiyo mtu hujijazia mwenyewe siku anapoweka Git kwenye kompyuta yake, na hakuna anayemdai kitambulisho. Nikitaka badiliko langu lisomeke kuwa ni la Torvalds, mstari mmoja wa amri unatosha.

Huo haukuwa uzembe. Git iliundwa ifanye kazi hata pasipo na mtandao, kila mtu akiwa na nakala kamili ya historia kwenye mashine yake, bila ofisi kuu inayosajili watu. Kazi ya kuthibitisha nani ni nani iliachiwa kitu kingine, yaani sahihi ya kidijitali.

Sahihi hiyo hutegemea jozi ya funguo. Mmoja ni wa siri na hubaki kwa mwenyewe. Wa pili ni wa umma, na kadiri unavyosambaa ndivyo unavyofaa zaidi. Mwandishi anapomaliza badiliko lake, kompyuta hulikokotolea alama fupi, hashi, ambayo hugeuka kabisa hata koma moja ikiguswa. Alama hiyo hupitishwa kwenye hesabu inayohitaji ufunguo wa siri, na kinachotoka ndicho sahihi. Mwenye ufunguo wa umma anaweza kuikagua sahihi hiyo, lakini hawezi kuitengeneza. Na kwa kuwa kila badiliko katika Git hubeba alama ya badiliko lililolitangulia, sahihi moja ya leo hufunga historia yote iliyo nyuma yake. Ndiyo maana Torvalds mwenyewe amekuwa akishikilia kwamba hakuna haja ya kutia sahihi kila badiliko, bali inatosha kutia sahihi kila toleo linapokamilika. Kwa mradi wenye mlango mmoja wa mwisho, kama ulivyo wake, hoja hiyo inasimama. Kwa timu ambayo watu kumi wanaandika moja kwa moja kwenye ghala moja, naona haitoshi, na kisa cha PHP ndicho ushahidi wangu.

Uwezo wa kutia sahihi badiliko moja moja uliingia kwenye Git Januari 2012. Aprili 2016 GitHub ikaanza kuonyesha beji ya kijani kando ya badiliko ambalo sahihi yake imekaguliwa. Wengi wakiiona beji hiyo huridhika, na hapo ndipo ninapotaka kumzuia msomaji kidogo. Hesabu za kriptografia huthibitisha jambo moja tu, kwamba ufunguo fulani ulitumika. Haziwezi kusema ulikuwa mikononi mwa nani. Ni kama muhuri wa ofisi ya serikali ya mtaa: barua ikigongwa, benki huipokea, hata kama aliyeugonga ni kijana aliyeukuta mezani wakati mtendaji ameenda kula chakula cha mchana. Uzito wote wa sahihi unahamia kwenye maswali ambayo hesabu haiyagusi: ufunguo ulizaliwa wapi, unalala wapi, nani anamdhamini mwenye nao, na siku ukipotea nini kifanyike.

Somo la Linux

Waliojifunza hayo kwa uchungu ni watu wa Linux. Mwisho wa Agosti 2011 ilitangazwa kwamba wadukuzi wameingia kwenye seva za kernel.org, mahali ambapo kiini cha Linux, yaani kernel, hupatikana na kusambazwa. Tovuti ilifungwa kwa wiki kadhaa. Torvalds alilazimika kuhamishia kazi yake GitHub kwa muda ili matoleo yasisimame. Historia ya msimbo haikuharibika, kwa sababu ya zile hashi zilizofungamana na maelfu ya nakala zilizokuwa kwenye kompyuta za watu duniani kote. Ila mamia ya watu waliokuwa na akaunti kwenye seva hizo walitakiwa kubadilisha nenosiri na funguo zao zote. Hapo ndipo lilipozuka tatizo lenyewe: mtu akituma barua pepe akisema huu ndio ufunguo wangu mpya, utajuaje kwamba ni yeye?

Suluhisho lilikuwa la kizamani kuliko mashine zenyewe. Oktoba mwaka huo wakuu wa Linux walipokutana Prague, walithibitishiana funguo ana kwa ana. Ufunguo wa aina ya PGP, mfumo uliotolewa na Phil Zimmermann mwaka 1991, una alama ya kidole yenye tarakimu na herufi 40. Mtu huisoma kwa sauti au huigawa kwenye karatasi, huonyesha hati yake ya kusafiria, na mwenzake akiridhika hutia sahihi yake juu ya ufunguo huo: namjua huyu, na ufunguo huu ni wake. Sahihi hizo zikirundikana, unazaliwa mtandao wa udhamini. Mimi simjui fulani, lakini ninamjua anayemjua.

Mfumo huu una uzuri wake. Hakuna serikali wala kampuni inayokaa katikati ikiamua nani aaminiwe. Una ubaguzi wake pia, usiokusudiwa lakini wa kweli. Mradi wa Debian, unaotengeneza mfumo huria wenye msingi wa Linux na ambao umejengwa kwa udhamini wa namna hii tangu zamani, humtaka mwanachama mpya awe na ufunguo uliotiwa sahihi na wanachama waliokwishaingia. Aishiye Berlin au Brussels hupanda treni jioni moja na kukutana nao wawili, watatu. Aishiye Kigoma, Bujumbura au Goma atawapata wapi? Mkutano mkuu wa Debian, unaofanyika kila mwaka, ulifika Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, pale Cape Town, na kutoka Afrika Mashariki hadi huko ni safari ya ndege ambayo kijana anayejifunza programu kwa fedha zake mwenyewe haiwezi. Tunapojiuliza kwa nini majina yetu ni machache miongoni mwa watunzaji wa programu huria kubwa, tusitazame ujuzi tu. Tutazame na nauli, na viza.

Baada ya 2011 Linux Foundation, taasisi inayofadhili kazi ya Linux, iliandika mwongozo wa utunzaji wa funguo kwa watunzaji wa kernel, kazi ambayo jina la Konstantin Ryabitsev, mhandisi wa taasisi hiyo, haliwezi kutenganishwa nayo. Nimeusoma na ninausifu kwa sababu moja: unaanza na dhana kwamba kompyuta ya mtu siku moja itaingiliwa. Kwa hiyo unautenganisha ufunguo mkuu na funguo tanzu. Ufunguo mkuu ndio utambulisho wa mtu; ndio unaodhamini wengine na ndio unaozaa funguo tanzu. Kazi ya kila siku hauifanyi. Unawekwa kwenye flashi iliyofungwa kwa nenosiri, nakala yake inachapishwa kwenye karatasi, na vyote viwili vinafungiwa mahali pasipo na mtandao. Funguo tanzu ndizo zinazotia sahihi mabadiliko. Mmoja ukiibwa, mwenye ufunguo mkuu anautengua na kuzaa mwingine, na udhamini wote aliokusanya kwa miaka unabaki salama. Anayetumia ufunguo mmoja kwa kila kitu, akiibiwa, anaanza safari ya Prague upya.

Funguo tanzu zenyewe mwongozo unashauri zikae ndani ya kifaa kidogo mfano wa flashi, chenye chipu inayotia sahihi ndani kwa ndani. Msimbo mbaya ukiingia kwenye kompyuta unaweza kukiomba kifaa kitie sahihi, lakini hauwezi kuunakili ufunguo uliomo. Namba ya siri ikikosewa mara tatu, kifaa hujifunga. Linux Foundation ilikubaliana na kampuni ya Nitrokey ya Ujerumani kuwapa vifaa hivyo bure watunzaji wa kernel. Ukikipata chako, kumbuka kwamba vifaa vya aina hii hutoka kiwandani na namba ya siri 123456 na ile ya msimamizi 12345678, na wote wanaotafuta kuingia wanalijua hilo. Badilisha kabla ya jambo jingine lolote.

Na programu yenyewe inayofanya kazi hii yote, GnuPG, kwa miaka mingi ilishikiliwa karibu na mtu mmoja, Mjerumani Werner Koch, aliyekuwa akiishiwa fedha za kuendelea hadi habari zake zilipoandikwa mapema mwaka 2015 na michango ikamiminika. Usalama wa seva za dunia nzima ulikuwa umeegemea juu ya meza ya mtu huyo. Jambo hilo linanisumbua hadi leo.

Ufunguo uliozaliwa na kasoro

Kuna hatari nyingine ambayo utunzaji mwema haufui dafu mbele yake, nayo ni ufunguo ulioharibika tangu kuzaliwa. Nguvu ya ufunguo hutokana na namba za nasibu zilizotumika kuuunda. Zikikisika, na ufunguo unakisika.

Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL, maktaba ya kriptografia, katika Debian aliondoa mistari iliyokuwa ikileta onyo kwenye chombo cha kukagua kumbukumbu. Bila kukusudia aliziba karibu chanzo chote cha unasibu. Kilichobaki ni namba ya mchakato wa kompyuta, ambayo kikomo chake ni 32,768. Maana yake, kwa kila aina ya mashine na kila urefu wa ufunguo, watumiaji wote wa Debian na jamaa yake Ubuntu walikuwa wakigawana funguo 32,768 tu badala ya idadi isiyohesabika. Kasoro hiyo ilikaa hadi Mei 2008, Luciano Bello, mwandishi mmoja wa Debian, alipoigundua. Funguo za GnuPG zilinusurika kwa kuwa hazikutumia OpenSSL. Zile za SSH, ambazo watu huzitumia kuingia kwenye seva na kupeleka mabadiliko kwenye maghala ya msimbo, ziliathirika vibaya.

Dunia ilitangaziwa, viraka vikatolewa, orodha za funguo mbovu zikasambazwa. Hata hivyo mwaka 2015 mtafiti mmoja alipokusanya funguo za umma zinazoonekana wazi kwenye GitHub alikuta baadhi ya watu bado wanatumia zile zile, miaka saba baadaye, na GitHub ikazifuta. Kiraka huponya programu inayotengeneza funguo. Ufunguo uliokwisha kutengenezwa hautibiki kwa kiraka. Lazima mwenyewe autupe, na watu hawatupi ufunguo unaofungua.

Hata vifaa vyenye chipu havikupona. Oktoba 2017 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Masaryk, Brno, walitangaza kwamba chipu za kampuni ya Infineon zilikuwa zikitengeneza funguo za aina ya RSA kwa mtindo unaoweza kuvunjwa na mtu aliyeshika ufunguo wa umma peke yake. Estonia, nchi ambayo raia wake hutumia kadi za utambulisho kutia sahihi kila aina ya nyaraka, ilisimamisha vyeti vya kadi zaidi ya 700,000. YubiKey 4, kifaa kilichopendwa sana na waandishi wa programu, nacho kilikuwemo, na watengenezaji wakawabadilishia wateja bila malipo. Kwa sababu ya visa kama hivi, wanaoanza leo hushauriwa kuchukua aina ya ufunguo iitwayo Ed25519. Ni mfupi, ni wa haraka, na utengenezaji wake hauna mitego mingi kama wa RSA.

Kufa kwa ufunguo

Watu huweka bidii yote kwenye kuzaa ufunguo na kuutunza, wakasahau kifo chake. Ufunguo unaweza kufa kwa njia tatu: muda wake kwisha, kuibwa, au mwenyewe kulisahau nenosiri lake. Kila njia ina taratibu zake, na taratibu hizo zinatakiwa ziandaliwe siku ya kuzaliwa.

Tarehe ya mwisho wengi huiogopa, wakidhani ikifika ufunguo ndiyo umekwisha. Sivyo. Aliye na ufunguo mkuu wa PGP anaweza kuisogeza tarehe hiyo mbele wakati wowote, hata ikiwa imekwisha kupita, kisha akausambaza tena ufunguo wa umma. Tarehe ni kinga dhidi ya ukimya: nikifa, au nikipoteza kila kitu, ufunguo wangu usiendelee kuaminiwa milele bila mtu wa kuujibia. Mwaka mmoja au miwili ni kipimo kizuri.

Wizi unahitaji cheti cha kutengua, faili fupi linalotangaza kwamba ufunguo huu usiaminiwe tena. Cheti hicho hutengenezwa kwa ufunguo wenyewe, hivyo aliyeupoteza hawezi tena kukitengeneza. Matoleo ya kisasa ya GnuPG hukiandaa yenyewe siku ufunguo unapozaliwa na kukiweka kwenye folda ambayo watumiaji wengi hawajawahi kuifungua. Ifungue leo. Kinakili cheti hicho kwenye karatasi na ukiweke mbali na kompyuta, kwa sababu yeyote atakayekipata anaweza kuuua ufunguo wako.

Kisha kuna swali la mabadiliko ya zamani. Kwa miaka mingi, mtu alipoondoa ufunguo wake kwenye akaunti ya GitHub, kazi yake yote ya nyuma ilipoteza beji ya kijani, kana kwamba haikuwahi kutiwa sahihi. Kampuni zilishindwa kufuta funguo za wafanyakazi waliokwisha kuondoka kwa kuogopa historia kuchafuka. Mwaka 2024 GitHub ilibadili utaratibu huo: sahihi hukaguliwa badiliko linapofika, na matokeo yakahifadhiwa pamoja na tarehe. Ni marekebisho madogo, lakini yameondoa kisingizio kikubwa cha kuacha funguo za marehemu zikiwa hai.

Msomaji anayetumia GitHub ajue pia kwamba badiliko analolifanya ndani ya kivinjari, bila kugusa Git kwenye mashine yake, hutiwa sahihi kwa ufunguo wa GitHub yenyewe. Beji ni ya kijani vile vile. Inachosema ni kwamba GitHub inashuhudia aliyeingia kwenye akaunti hiyo ndiye aliyebonyeza. Januari 2024 GitHub ililazimika kubadilisha ufunguo huo pamoja na siri nyingine baada ya udhaifu kuripotiwa kwenye mfumo wake. Hata wakubwa hubadilisha kufuli.

Ugumu wa PGP umewafanya watu watafute njia za mkato, na baadhi ni nzuri. Tangu Novemba 2021 Git hukubali sahihi za SSH, ufunguo ambao karibu kila mwandishi wa programu anao tayari, na GitHub ikaanza kuzitambua Agosti 2022. Kwa timu ndogo ningependekeza hiyo bila kusita: hakuna mtandao wa udhamini, kuna faili moja tu lenye orodha ya watu na funguo zao za umma, na faili hilo hukaa ndani ya ghala lenyewe ambapo kila mtu huona likibadilishwa. Mradi wa Sigstore, uliotangazwa mwaka 2021, umekwenda mbali zaidi kwa kuuondoa kabisa ufunguo wa kudumu. Mtu huthibitisha akaunti yake ya barua pepe, hupewa cheti cha dakika kumi, hutia sahihi, kisha ufunguo hutupwa, na tukio huandikwa kwenye daftari la wazi ambalo haliwezi kufutwa. Hakuna cha kuibiwa kabatini. Lakini lazima uwe mtandaoni wakati wa kutia sahihi, na aliyebeba utambulisho wako sasa ni kampuni ya barua pepe. Mtu anayeandika programu mahali ambapo umeme na intaneti hukatika bila taarifa apime hayo mawili kabla ya kuhama.

Sahihi halali, mkono mbaya

Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kwamba kuingia kwenye seva kupitia SSH kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Hakuipuuza. Alifuatilia hadi akakuta mlango wa uani ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila Linux. Aliyeuweka alijiita Jia Tan. Alikuwa amejitolea kwenye mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili, akitengeneza viraka vya kweli, akimsaidia mtunzaji aliyekuwa amechoka, hadi akakabidhiwa madaraka ya kutoa matoleo. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalitiwa sahihi kwa ufunguo wake mwenyewe. Ufunguo haukuibwa. Sahihi zilikuwa halali, kila ukaguzi ulipita. Na sehemu ya msimbo iliyoamsha sumu haikuwemo kwenye ghala la Git. Ilikuwa kwenye kifurushi kilichofungwa na kutiwa sahihi kando.

Wako wanaotumia kisa hicho kusema sahihi hazina maana. Sikubaliani nao. Sahihi ilifanya kazi yake: ilionyesha bila utata ni ufunguo upi uliotoa matoleo yapi, na kwa hiyo watu walijua ndani ya siku chache ni nini cha kung'oa na kazi gani ya nyuma ya kukaguliwa upya. Ilichoshindwa ni kumjua mtu, na hiyo haikuwa kazi yake tangu mwanzo. Hiyo ni kazi ya wenzake, ya kukutana, kuulizana maswali, na ya kutomwachia mtunzaji mmoja mchovu mzigo wote hadi anamshukuru yeyote anayejitokeza.

Kwetu, ufunguo ni wa nani?

Nchi za Afrika Mashariki ni za Android, na waandishi wetu wengi wa programu wanapokutana na funguo kwa mara ya kwanza hukutana nazo hapo. Kwa kawaida simu ya Android hukubali kusasisha programu pale tu toleo jipya linapokuwa limetiwa sahihi kwa ufunguo ule ule wa toleo la awali. Ufunguo hukaa ndani ya faili dogo lenye nenosiri. Kwa miaka mingi, aliyelipoteza faili hilo alikuwa ameipoteza programu yake: hakuweza tena kuisasisha, na alilazimika kuchapisha nyingine kwa utambulisho mpya na kuwaomba wateja wote waipakue upya. Mwaka 2017 Google ilianza kujitolea kuutunza ufunguo huo yenyewe, na tangu Agosti 2021 programu mpya kwenye duka la Google Play hulazimika kufuata utaratibu huo. Mwandishi hubaki na ufunguo wa kupakia tu, ambao ukipotea huombwa mwingine. Zilizochapishwa zamani ambazo hazijahamishwa, na zile zinazosambazwa nje ya duka hilo, bado zinaning'inia kwenye faili moja.

Faili hilo liko wapi? Mara nyingi liko kwenye kompyuta mpakato ya kijana aliyelipwa kwa mkataba wa miezi mitatu. Chama cha akiba na mikopo, shule au kampuni ya mabasi inalipia programu, inapokea programu, inawatangazia wateja wake. Hakuna aliyewahi kuuliza habari za ufunguo. Kijana akipata kazi nchi nyingine, au kompyuta ikiibwa kwenye daladala, chama kinagundua kwamba programu yenye jina lake na wateja wake hakiwezi kuigusa. Pengine faili limeachwa ndani ya ghala la msimbo lenyewe, na nenosiri lake limeandikwa kwenye faili jirani, kwa hiyo yeyote aliyewahi kupewa nakala ya kazi hiyo anaweza kutoa toleo ambalo simu za wateja zitaliamini. Desemba 2022 ilibainika kwamba funguo za watengenezaji wakubwa wa simu, Samsung na LG wakiwemo, zilikuwa zimetumika kutia sahihi programu za wizi. Kama wao yamewakuta, chama cha ushirika hakina kinga yoyote isipokuwa mkataba wake na umakini wake.

Google Play hutaka ufunguo wa programu uwe na uhai unaovuka Oktoba 22, 2033. Chama kinachoagiza programu leo kiandike kwenye mkataba kwamba ufunguo ni mali yake, na akaunti ya duka isajiliwe kwa barua pepe ya chama, si ya mwandishi. Faili na nenosiri vikabidhiwe kwa katibu na mhazini, kila mmoja na chake, nakala moja nje ya ofisi, na kabla ya malipo ya mwisho mwandishi aketi nao atoe toleo dogo kwa kutumia nakala hiyo mbele yao.